Mshipi wa Sufu Niliompelekea Bi Rukia

Tangu nirudi, kila anayekuja kunywa chai kwenye mgahawa wangu hapa stesheni ananiuliza habari za Mombasa, na kila nikianza kueleza, maziwa yanafurika jikoni. Nimechoka kuhadithia vipande vipande. Tena nimesikia wengine wenu mnasema nilikwenda kumposea mdogo wangu mke, na wengine mnasema nilikwenda kumharibia mtu nyumba yake. Basi haya hapa yote, kituo kwa kituo, kama nilivyopita. Habari za paspoti na tiketi naziruka, zilinichosha zikiwa mbichi, sembuse sasa zimelala.

Tabora hadi Dodoma

Mdogo wangu Ramadhani mnamjua. Anafanya kazi Kanada, upande wa Quebec, na amepanga chumba kwa bibi mmoja anayeitwa Bi Tereza. Huyo bibi ni wa kabila la Wawendat, wenyeji wa nchi ile kabla Wafaransa hawajafika na kuwapa jina la Wahuroni. Katika nyumba hiyo hiyo amepanga msichana wa Mombasa, jina lake Zuhura. Ramadhani alipokuja likizo alibeba mzigo wa mama yake Zuhura, akikusudia kuupeleka mwenyewe. Malaria ikamlaza mpaka likizo ikaisha. Siku ya kuondoka akaniwekea mzigo mapajani na kusema, dada, mpelekee Bi Rukia, Mji wa Kale, ni zawadi. Mnamjua Ramadhani, ukimtaka aseme maneno kumi uyalipie.

Niliufungua ndani ya treni, kabla hatujafika mbali. Ulikuwa mshipi wa sufu, mpana kama kiganja changu, mrefu kunipita kimo. Katikati wekundu uliokolea, kisha buluu, kijani na manjano zinapanda na kushuka kwa umbo la ncha za mishale. Kandokando zimo shanga nyeupe ndogo, hazikushonewa juu, zimesukwa humo humo ndani ya sufu. Miisho yote miwili ina nyuzi ndefu zinazoning'inia. Ramadhani aliniambia kitu kama hicho hakifumwi kwa mtambo. Husukwa kwa vidole vitupu, upande mmoja umefungwa kwenye msumari, na mtu hukaa nao majira mazima ya baridi. Nilipomuuliza nani kausuka alijibu, pale pale nyumbani, akageukia ukutani kulala. Nikajua ni yule bibi.

Waliokuwa nami behewani kila mmoja alikuwa na lake. Mwalimu mmoja mstaafu alisema ni skafu. Mama wa kutoka Urambo alisema ni mbeleko ya watoto wa Kizungu, akasikitika kwamba mtoto atachomoka. Mpaka tunafika Dodoma, tumechelewa kiasi cha kukosa basi la Tanga, nilikuwa nimekwisha kukubali kwamba nabeba kitu nisichokijua. Nikanunua zabibu nikala kwa hasira.

Dodoma hadi Tanga

Basi la kesho yake lilikwenda vizuri hadi tulipoipita Chalinze. Hapo likaanza kunuka, likatoa moshi, likasimama porini. Kondakta akasema dakika tano. Nyinyi mnajua dakika tano za kondakta. Watu walishuka, wakatandika khanga, wakalala, wakaamka.

Mkanda wa feni ya injini ulikuwa umekatika. Dereva alijaribu kamba, akajaribu soksi ya abiria mmoja, vyote vikaliwa. Kisha akaja kwangu na adabu nyingi mno, nikajua kuna jambo. Kondakta alikuwa ameuona mshipi wangu nilipokuwa nauonyesha kwa jirani. Akasema sufu ni imara, tena ule umesukwa, ungetufikisha Segera, na angeuosha yeye mwenyewe kabla ya kunirudishia. Abiria wakaanza kunitazama kama ni mimi niliyekata mkanda. Mzee mmoja akanikumbusha kwamba umoja ni nguvu.

Niliukunja, nikauweka chini, nikaukalia. Nikasema ni amana, na amana haiingizwi kwenye injini. Tukakaa pale hadi lori la machungwa likatuletea mkanda kutoka Segera, na ule muda wote hakuna aliyenipa hata kipande cha muhindi wa kuchoma. Niliununua mwenyewe, nao ulikuwa mgumu.

Tanga hadi Horohoro

Mpakani askari kijana aliufungua mfuko wangu. Mshipi ukatoka, ukazidi kutoka, kama utumbo wa ng'ombe. Akaniuliza ni wa nini. Nikasema wa kiunoni. Wa nani? Wa mama mmoja wa Mombasa. Unamjua? Simjui. Alivyonitazama hapo, hata mimi nilianza kujishuku. Akaupitisha kwenye mikono yake mara mbili, akauliza kama shanga zina kazi yoyote.

Mtu aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni alipoona nyekundu na shanga nyeupe, akisikia pia kwamba natoka Tabora, akamaliza hesabu yake. Tuliporudi kwenye gari upande wa Kenya, kiti cha pembeni yangu kilikuwa kitupu, na cha nyuma pia. Bwana mmoja aliyekuwa mbele akageuka kwa siri akaniomba dawa ya kuvuta wateja. Nikamwambia mimi ni mpishi. Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa kwamba hapa si mahali pake.

Aliyekuja kukaa nami alikuwa mama mtu mzima katika buibui, Mwana Esha, mwenyeji wa Mji wa Kale, anarudi kwao kutoka matangani Tanga. Hakuogopa. Aliomba kuushika mshipi, akaufuata kwa kidole toka mwanzo hadi mwisho, akaniuliza ni wa nani. Nikamtaja Bi Rukia, na kwamba mdogo wangu ndiye aliyeutoa Kanada, kwenye nyumba anayokaa na Zuhura. Kumbe anamfahamu, tena sana.

Akanieleza kwamba Zuhura ni mtoto wa pekee wa Bi Rukia, aliyeachwa na baba yake akiwa mdogo, maana marehemu alifariki mapema. Kulikuja posa ya binamu yake, posa nzuri, kila mtu ameridhia. Zuhura akakataa. Siku ya safari yake ya masomo akaondoka bila kumuaga mama yake, na tangu hapo mama na mtoto hawajasemezana. Salamu za Idi hupita kwa mjomba. Bi Rukia ameapa hatakuwa wa kwanza kupiga simu, na Zuhura ni mwana wa mamake. Mshipi huu ndicho kitu cha kwanza kutoka kwa mtoto tangu siku ile.

"Basi enda nao taratibu, mwanangu," akaniambia. "Rukia ukimkosea ndia, mlango wake haufunguki mara ya pili."

Kisha akaniuliza kama huyo mdogo wangu ni mwanamume. Nikasema ndiyo. Ameoa? Bado. Akatabasamu, akaniambia mshipi nimpe mama mwenyewe mkononi, nisimpe mtu mwengine. Nilidhani ananifundisha adabu tu.

Likoni hadi Mji wa Kale

Tuliposhuka Likoni watu wakaanza kukimbia kwenye mteremko wa kivuko, mabegi vichwani, nami nikakimbia nikidhani kuna moto. Nilipofika chini nikageuka, Mwana Esha bado yuko juu, anateremka kwa mwendo wa bibi harusi. Aliponifikia akasema feri hii ikienda itakuja nyengine. Ikaenda, ikaja nyengine, tukavuka tumesimama. Upande wa kisiwani tukala mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu, na hapo kwa mara ya kwanza tangu Tabora moyo wangu ukatulia.

Katika tuktuk Mwana Esha akaniuliza mshipi nitaupeleka vipi. Nikasema hivi hivi, ndani ya mfuko wa rambo. Akashtuka kama nimesema nitaupeleka ndani ya ndoo ya taka. Akamwelekeza dereva dukani kwa Mwarabu mmoja, Mzee Abdalla, ambaye babu zake walitoka Hadhramaut na yeye hata Nairobi hapapendi. Mzee Abdalla hakutupimia kitu mpaka ameuliza hali zetu, hali za wazazi wetu, hali za waliokufa Tanga na waliobaki. Mimi na mgahawa wangu, mteja akiuliza hali mara mbili namwambia chai inapoa. Hapo nilisimama nikimeza mate.

Tulinunua halua, udi na ubani. Mwana Esha akamnong'oneza mwenye duka jambo, na mzee akaongeza chupa ya marashi bila kutaka kitu, akainua mikono na kusema Mola atie baraka. Nikasema amina. Sikujua kwa lipi.

Nyumbani kwake Mwana Esha akatoa sinia ya shaba na kawa la ukili lenye rangi. Mshipi ukakunjwa juu ya khanga mpya, halua na udi pembeni, kawa juu. Akanivisha buibui lake, maana alisema nguo zangu zina vumbi la nchi mbili, akanisindikiza hadi kona ya kichochoro akaniacha. Akasema mahali pale yeye hapaswi kuonekana. Hilo nalo sikulielewa, lakini sinia ilikuwa nzito, sikuwa na nafasi ya kuuliza.

Kwa Bi Rukia

Bi Rukia alifungua mlango, akaniona mimi, akaiona sinia. Alikuwa mwanamke mwembamba, mrefu, wa makamo kama mimi, macho yake yana uchovu. Hakuniuliza mimi ni nani. Alinikaribisha juu, akanipa maji, akanipa juisi ya ukwaju, akaniuliza habari za njia. Nami, kwa kuwa mwenyeji hakuuliza nimefuata nini, nikaona si adabu kuropoka. Tukakaa tunaitazama sinia, kila mmoja anangoja.

Mwishowe akanyanyua kawa. Akaushika mshipi, akaukunjua mapajani. Akauliza umetoka kwa nani. Nikajibu ukweli mtupu: nimepewa na mdogo wangu Ramadhani, anayekaa Kanada nyumba moja na Zuhura. Habari ya vyumba sikuitaja, sikuona sababu. Bi Rukia akaukunja mshipi polepole, akasimama, akaingia ndani. Alipotoka alikuwa amenawa uso. Akasema chakula kiko tayari.

Wenzangu, chakula. Samaki wa kupaka, wali wa nazi, achari ya embe, kachumbari. Asubuhi mahamri na mbaazi. Nikasema kesho naondoka, akasema haiwezekani. Kwetu tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kule siku ya tatu nilipewa biriani. Mwenyewe alikuwa hali. Anakaa nami kwenye mkeka, anamega tonge, analiweka chini, ananitazama mimi ninavyokula. Nilidhani ana vidonda vya tumbo, nikamshauri anywe maziwa.

Kisha wakaanza kuja wanawake. Wanakuja wawili wawili, wananusa udi, wananishika mikono, wananiuliza mambo. Baba yenu alikuwa nani? Mama bado yu hai? Kwenu kuna pumu? Huyo Ramadhani yuwaswali? Ana hasira? Mimi nikajua watu wa Pwani ndivyo walivyo, wanapenda kujua. Nikamsifu mdogo wangu hadi nikaona haya. Nikasema anaswali, hanywi, hana pumu, hasira hana kwa kuwa hata maneno hana. Mmoja akapumua akasema afadhali. Mwingine akalia, akaondoka bila kumaliza kahawa yake. Nikajiuliza, pumu ya ndugu yangu inamliza mtu wa Mombasa kwa nini?

Jioni moja nilimkuta Bi Rukia peke yake ameketi kitandani, mshipi umelala mkononi. Nikamwambia ni kazi nzuri, Zuhura anakupenda. Akaniuliza, kwa sauti ya chini kabisa, kama Zuhura ni mwenye furaha. Sijawahi kumwona Zuhura, nikasema nadhani ni mwenye furaha. Akaniambia nimshukuru Mungu kwamba mimi nilikuwepo. Nilikuwepo wapi? Nilitaka kuuliza, lakini alikuwa anafuta macho, nikaogopa kuzidisha.

Mwembe Tayari, bila kupanda basi

Niliona nimechosha watu. Asubuhi nikamuaga Bi Rukia kwa nguvu, nikachukua mfuko wangu, nikaenda Mwembe Tayari kutafuta basi. Nilikuwa nimesimama pale, mchuuzi ananiuzia korosho na mwingine ananiuzia saa ya ukutani, na mimi natafuta wa maji, ndipo tuktuk ikasimama mbele yangu. Akashuka mzee mwenye kanzu safi na kofia, akanisalimu kwa heshima zote. Akajitambulisha kuwa ni Athmani, nduguye Bi Rukia. Akasema tafadhali nipande, kuna mambo hayajamalizika.

Nilianza kukumbuka kila nilichoshika mule nyumbani. Nikamwambia kama kuna kitu kimepotea afungue mfuko wangu pale pale mbele ya watu. Mzee Athmani akanitazama, naye akaonekana amechanganyikiwa. Akasema kilichopotea hakiko mfukoni. Nikapanda. Njia nzima nikawa nasoma Ayatul Kursiy.

Tudor

Mzee Athmani anakaa kwenye gorofa karibu na maji ya Tudor. Bi Rukia alikuwa amekwisha kufika, amekaa pembeni na buibui lake, hajafunua chakula kilichokuwa mezani. Tukaswali alasiri, tukanywa kahawa, tukaulizana hali upya kama watu walioonana baada ya mwaka. Halafu Mzee Athmani akaweka kikombe chini, akaniuliza nikahi ilisomwa wapi, na walii wa kumwozesha alikuwa nani.

Nikauliza, nikahi ya nani?

Akafikiri namkimbia. Akasema yeye ndiye mwenye kusimamia mambo ya Zuhura tangu baba yake kufariki, na hakuna aliyekuja kwake na posa. Nikazidi kupotea. Nikasema sijaleta posa. Akasema hilo ndilo analolilalamikia. Tulizunguka hivyo, kila jibu langu linazidi kuniingiza shimoni, mpaka Bi Rukia akanishika goti.

"Nambie kweli, mwenzangu. Sina ugomvi nawe. Nataka kujua tu: mwanangu ameolewa, nami ni hai?"

Ndipo nilipoanza kuona. Nikasema haraka haraka vyote nilivyopaswa kusema siku ya kwanza. Kwamba Ramadhani ana chumba chini, Zuhura ana chumba juu karibu na Bi Tereza. Kwamba ni wapangaji tu. Kwamba hakuna nikahi ninayoijua. Mzee Athmani akasikiliza hadi mwisho, kisha akauliza: kama ni hivyo, mkaja huu ni wa nini?

Sikujua anasema mkaja upi. Bi Rukia akautoa mshipi chini ya buibui, na hapo wakanieleza. Mkaja ni kitambaa anachofungwa mama tumboni akishajifungua. Hilo nalijua, kwetu tunafungwa khanga yakaisha. Lakini kwao, binti anapoolewa, watu wa mume humletea mama wa binti mkaja wake, ndiyo shukrani ya lile tumbo lililomzaa bibi harusi. Hupelekwa na mwanamke mtu mzima wa upande wa mume, kwenye sinia, na udi na marashi, tena hakai akieleza maana haina haja. Na hauji kabla ya posa. Ukija kabla ya posa, basi ndoa imekwisha kupita, na waliomzaa binti wanajulishwa tu.

Nilitamani sakafu ipasuke. Mimi mwenyewe, kwa miguu yangu, nimepita vichochoroni na sinia kichwani mbele ya Mji wa Kale mzima. Wale wanawake walikuja kumtazama wifi. Yule aliyelia alimlilia Bi Rukia. Na Mwana Esha, aliyekataa kuonekana mlangoni kwa kuwa si wa upande wa mume, naye alikuwa ameamini ananisaidia kupeleka mkaja. Nilichomkosea Bi Rukia sikukikusudia, lakini nilikuwa nimempa siku kadhaa za kuamini kwamba mwanawe kajiozesha mwenyewe, na kumtoa yeye katika hesabu ya wazazi.

Mzee Athmani hakukasirika, lakini aliamua. Akasema kwa vyovyote kitu hiki hakiwezi kubaki, watu wamekwisha kukiona, nikichukue nirudi nacho. Akaukunja, akauingiza kwenye mfuko wangu. Bi Rukia hakumzuia. Ila nyuzi za mwisho alikuwa bado amezishika, na mshipi ukabaki nusu mfukoni nusu mkononi mwake.

Hapo hasira zangu za Tabora zikanijia. Nikasema kuuliza si ujinga, mwenyewe mwenye habari yupo na simu anayo, tunakaa hapa kumpigia ramli kwa nini? Bi Rukia akasema yeye hapigi. Basi apige mjomba. Kule kwao ilikuwa asubuhi. Mzee Athmani akapiga ya picha, akaishika mbali na uso kama watu wazima wanavyofanya, na Zuhura akatokea, mtandio kichwani, dirisha nyuma yake jeupe kwa theluji. Mama yake alikaa pale asipoonekana.

Mjomba alimuuliza moja kwa moja mshipi huu umeletwa na nani. Zuhura akasema ni yeye, kwa mkono wa Ramadhani. Ni kitu gani? Nikamwomba Mungu aseme ni skafu.

"Ni mkaja, mjomba."

Bi Rukia akafumba macho. Mimi nikamlaani Ramadhani kimoyomoyo, nikajua amenituma kwa uongo. Mzee Athmani akauliza ni wa nikahi gani, sauti yake imekwisha kuwa nyembamba.

"Hakuna nikahi," Zuhura akasema. "Nimeusuka mimi. Bi Tereza alikuwa akisuka wake, nikamwomba anifunze. Nilifumua mara nyingi hata yeye akanicheka. Nilikuwa nikifikiri, mimi labda nitachelewa kuolewa, labda sitaolewa kabisa. Na mama hatapata mkaja kwa sababu yangu, naye alinizaa kama wenzake walivyozaa. Nikasema wa posa ukikosekana, nitampa mimi. Mjomba, ameukubali?"

Mzee Athmani alitazama simu, akanitazama mimi. Tangu Tabora nimeambiwa ni skafu, ni mbeleko, ni mkanda wa injini, ni dawa, ni mkaja wa ndoa iliyofichwa, na kila mtu nimembishia. Kumbe wanawake wa Mji wa Kale waliutambua walipouona tu, wakakosea aliyeutuma.

Bi Rukia akaunyoosha mkono. Mjomba akampa simu. Wakatazamana, mama na mtoto, Zuhura akianza kulia kule na Bi Rukia akijizuia huku. Kisha Bi Rukia akauvuta mshipi wote ukatoka mfukoni mwangu, akauweka begani.

"Nimeukubali," akasema. "Lakini mkaja mtu hajifungi mwenyewe. Hufungwa na mwengine."

Zuhura akafuta uso kwa mtandio. "Nije lini, mama?"

"Ulipokwenda hukuniuliza," Bi Rukia akamwambia. "Na kurudi usiniulize."